Mazimwi Yaliyomhurumia Harlan

Coon Valley, Wisconsin
Jumapili, 9 Oktoba 1983

Mjomba wangu Orvin,

Leo nimeweka nadhiri kwamba nitakuandikia kila kitu bila kuficha, hata yale yanayonitia aibu, kwa sababu Mwalimu Nordahl anasema barua inayoficha mambo ni bahasha tupu iliyobandikwa stempu.

Sisi hatujambo. Mama bado anapika katika shule ya msingi na anasema watoto wa mwaka huu hawataki maharage. Baba ameuza ng'ombe wawili wazee akanunua mtamba mmoja anayempiga teke kila asubuhi, naye anampenda kuliko sisi. Goti la Bibi huuma mvua ikikaribia, kwa hiyo siku hizi hatusikilizi tena habari za hali ya hewa redioni. Tumbaku imekatwa na kutundikwa bandani. Harlan hajambo.

Sasa jambo lenyewe. Tangu Juni mimi ndiye msimamizi wa ule mchezo wako wa kusimulia, ambao kila mtu mezani ni shujaa wa kubuni na msimamizi huendesha mazimwi. Vitabu vyako, dadu zako za pande ishirini na ile kadibodi ya kutupia dadu nyuma yake vilikaa juu ya kabati mwaka mzima na nusu, hakuna aliyevigusa. Kisha siku moja Lyle Benrud, mchezaji wako wa zamani, alikuja kutusaidia kukusanya nyasi, mvua ikatufungia ndani, akauliza, "Hivi mashujaa wetu bado wamesimama kwenye ule mlango wa pango?"

Nikasema bado wamesimama.

"Maskini, miguu itakuwa imekufa ganzi. Wafungulie basi."

Nikawafungulia. Tunacheza kila Jumamosi, saa saba mchana mpaka saa kumi, kabla ya kukamua. Lyle ana mwizi wake, Pello. Rafiki yangu Pauline Sebranek ana mchawi anayeitwa Mirka. Kuhani ni Bibi, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kutibu majeruhi na yeye akasema kazi hiyo anaiweza. Ila Bibi hagusi dadu. Kwao walifundishwa kwamba karata na dadu ni mali ya shetani. Kwa hiyo Lyle humtupia, na namba ikiwa mbaya Bibi humwambia dhambi ni ya aliyetupa.

Wa nne ni Harlan, na mpiganaji wake ni yuleyule Brand.

Nimeahidi kusema kila kitu, kwa hiyo nasema. Tangu ajali ya mkono wake, kaka yangu haongei. Si kwamba hawezi. Jumapili hadi Ijumaa husema "ndiyo", "hapana" na "nipe chumvi". Jumamosi anakuwa Brand, na Brand ana mdomo kama mnada wa ng'ombe. Hutukana majitu, hubishana na Lyle nani atangulie, na mara moja aliimba. Mama husimama jikoni akifuta sufuria iliyokwisha kukauka, anafuta tu, ili asikilize. Ndiyo maana Brand hawezi kufa. Akifa, Harlan atainuka pale mezani, na sijui kama atarudi kuketi.

Shida yangu ni mazimwi. La kwanza nililolitengeneza mwenyewe lilikuwa Malkia Chura, mwenye alama sitini za uhai na ulimi wa kumvuta mtu kutoka ng'ambo ya mto. Nilimchora kwa wiki mbili. Alikufa kwenye mzunguko wa pili, kabla sijamaliza kueleza harufu yake. Lyle aliniuliza, "Ragna, lile lilikuwa zimwi au mtindi?"

Nikaona aibu. Jumamosi iliyofuata nikaleta Bikizee wa Mawe, ambaye ukimtazama machoni unageuka jiwe. Mzunguko wa kwanza tu, Pello jiwe, Mirka jiwe. Pauline hakulalamika. Alinitazama akauliza polepole, "Nilipaswa kufanya nini?" Mjomba, hakukuwa na chochote ambacho angeweza kufanya. Ikabidi nibuni mvua ya ajabu inayoyeyusha mawe. Lyle akasema ameona mvua nyingi maishani lakini si yenye adabu kama ile.

Zimwi linapimwaje, liwatishe watu bila kuwamaliza, na wala lisife kama inzi? Vitabu vina orodha ndefu za makucha na meno lakini hilo havisemi.

Mpwa wako akupendaye,
Ragna


Kodiak, Alaska
28 Oktoba 1983

Mpwa wangu Ragna,

Barua yako ilikaa Anchorage siku nane ikisubiri ukungu uipishe ndege. Mimi mzima. Kaa wameadimika mwaka huu, boti zinarudi nyepesi, kwa hiyo kiwandani tunapasua samaki wa kawaida na mikono inanuka hivyohivyo. Naishi chumba kimoja na mzee Benigno kutoka Ufilipino. Hupika wali kila siku na kunifunga drafti kila jioni. Msalimie mama yako, umwambie makoti aliyotuma yanatosha.

Chura wako. Ulihesabu uhai, hukuhesabu zamu. Mashujaa wako ni wanne. Tuseme mmoja anakosa, watatu wanapiga, kila pigo kumi. Mizunguko miwili, sitini. Chura alikuwa na sitini. Hakuuawa na panga, aliuawa na hesabu. Wao walitenda mambo manane na yeye mawili. Hata mfalme mwenye jeshi lake lote angeshindwa akipewa kusema neno moja kila watu wanne wanaposema manne. Zimwi la peke yake lipe zamu tatu: ulimi, kisha mkia, kisha linaruka. Au lipe watumishi, hata wadogo wasio na maana, wa kuwashughulisha watu.

Bikizee ni kosa lingine, na ni kubwa zaidi. Uwezo wa kutisha hauwekwi mzunguko wa kwanza, na hauji bila kutangulizwa. Weka sanamu mlangoni, moja bado imeshika jibini aliyokuwa akila. Waache wajiulize. Atakayetazama baada ya hapo ametazama kwa hiari yake. Nguvu isiyotangazwa kwa mchezaji ni unyang'anyi. Swali la Pauline ndilo swali pekee la kujiuliza kila unapotengeneza zimwi: mtu huyu atafanya nini? Kama hakuna, futa.

Na kabla ya kulileta mezani, licheze peke yako. Tupa dadu za pande zote mbili, mara tano, mara kumi, andika. Utaona mwenyewe linapoelemea.

Jambo moja. Unapotupa dadu nyuma ya kadibodi, unasema namba iliyotoka?

Mjomba wako,
Orvin


Coon Valley
Jumapili, 20 Novemba 1983

Mjomba mpendwa,

Salamu kutoka kwa wote. Kanisani tumefanya karamu ya samaki wa magadi, wale wanaolowekwa kwenye magadi mpaka wanalainika, na nguo zetu zote bado zinanuka. Mimi na Pauline tulipewa kazi ya siagi. Jana ulikuwa ufunguzi wa msimu wa kulungu, Baba na Lyle walikuwa msituni toka alfajiri, hatukucheza. Baba hakupata kitu. Lyle alipata mafua. Mtamba sasa anapiga teke jioni pia.

Nilifuata maneno yako na nimefurahi hata sijui kueleza. Nimemfufua Malkia Chura na kumpa zamu tatu na vyura wadogo sita. Nilimcheza peke yangu mara kumi chumbani, Bibi akapita akauliza nabishana na nani. Jumamosi ya wiki iliyotangulia alipigana nao saa nzima. Alimmeza Pello mzima, Mirka akamtapisha kwa moshi, na Harlan alisimama, Mjomba, alisimama kabisa kutoka kitini, akapiga kelele, "Tema rafiki yangu, gunia la matope wewe." Mama aliangusha mwiko.

Jambo la dadu nitalieleza siku nyingine.

Nina ombi. Chini kabisa ya ramani yako kuna chumba cha mwisho, na ndani yake uliandika neno moja tu, "baadaye". Sasa tumebakiza milango miwili kukifikia. Harlan aliweka kidole pale akasema, "Zimwi la Mjomba liko humu." Ndilo neno pekee alilosema kukuhusu tangu uondoke, na alilisema vizuri. Tafadhali nitumie zimwi hilo. Liwe kubwa, na liwe la kushindwa.

Umesoma barua yangu ya kwanza yote? Niliandika habari za Harlan ukurasa mzima. Hukuuliza kitu.

Wako,
Ragna


Kodiak
19 Desemba 1983

Mpwa wangu,

Ndege hazikuruka siku kumi na moja. Nawatumia samaki wa moshi, wafiche, baba yako asiwaone mpaka Krismasi yenyewe ifike. Benigno anawasalimu ingawa hawajui.

Chumba kile sina cha kuweka humo. Nilijaribu zamani nikashindwa. Funga mlango, waambie paa liliporomoka. Yapo mapango mengine.

Heri ya Krismasi kwa wote nyumbani.

Orvin


Coon Valley
Jumapili, 15 Januari 1984

Mjomba Orvin,

Asante kwa samaki. Tulikula wote siku moja, Baba akalamba karatasi. Mabomba ya maji bandani yaliganda mara mbili. Bibi ana mafua na hataki kuambiwa kwamba ana mafua.

Nilivunja nadhiri yangu, na sasa nalipia. Uliniuliza kama huwa nasema namba iliyotoka. Kwa Lyle, Pauline na Bibi nilisema. Kwa Harlan sikusema. Zimwi lilipomrukia Brand nilitupa dadu nyuma ya kadibodi, nikaona kumi na nane, ambayo inampiga mtu, nikasema sita, ambayo inamkosa. Nilifanya hivyo kila Jumamosi. Nilidhani ni upendo, na nilidhani hakuna anayeona.

Unajua ile karatasi ya bandani tunayoandikia maziwa ya kila ng'ombe, mstari kwa kila ratili? Harlan ndiye anayeiandika. Kumbe tangu Oktoba alikuwa na karatasi nyingine kama hiyo mfukoni, na majina yake hayakuwa ya ng'ombe. Jumamosi iliyotangulia Krismasi, baada ya zimwi langu kumkosa Brand mara tatu mfululizo, aliitoa akaiweka mezani mbele yangu.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Lyle alishambuliwa mara thelathini na nne, akapigwa kumi na saba. Pauline ishirini, akapigwa tisa. Bibi kumi na nane, nane. Brand arobaini na moja, akapigwa tatu, na zote mikwaruzo.

"Kuna mahali nimekosea kuhesabu?"

"Hapana."

"Basi mazimwi yako yananihurumia."

Lyle akajaribu kusaidia. "Labda ni deraya yako ya chuma, bwana. Ni deraya nzuri."

"Nyamaza, Lyle." Kisha akanigeukia, na hakuwa na hasira, ningependa angekuwa na hasira. "Kanisani wananihurumia. Dukani wananifungulia mlango. Baba amenipa kazi ya kalamu. Mtamba peke yake ndiye anayenipiga teke kama watu wengine. Mtamba na mchezo huu, ndivyo nilivyodhani."

Akavaa koti akaenda bandani. Ilikuwa saa nane mchana na hakuna ng'ombe aliyemhitaji. Amekosa Jumamosi zote tangu siku hiyo. Sasa hata chumvi haombi, anainuka na kuichukua mwenyewe. Mama haniambii kitu lakini anafuta sufuria haraka haraka na kuziweka.

Nilitaka sana asiondoke mezani, na mimi ndiye niliyemwondoa. Sijui la kufanya. Wewe hukuwahi kukosea mezani, hata Lyle anasema hivyo. Kama unajua njia, niambie. Na kama una sababu ya kutotaka kusikia jina lake, naomba niambie hiyo pia. Mimi nina miaka kumi na minne, si mtoto.

Ragna


Kodiak
4 Februari 1984

Ragna, mpwa wangu,

Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Benigno aliniuliza kama kuna msiba. Nilimwambia hapana, kuna mtu mwerevu zaidi yangu huko nyumbani.

Lyle amesahau, au ni muungwana. Mwezi Januari baada ya ajali, Harlan alipotoka hospitali, tulicheza mara moja. Mkono bado umefungwa. Palikuwa na jitu lenye rungu. Nilitupa dadu nyuma ya kadibodi, nikaona ishirini, nikasema mbili. Harlan alinitazama. Alijua, na mimi nikajua kwamba anajua. Wiki iliyofuata nikapanda basi. Mchezo huo wa kumdanganya ulianzia kwangu. Wewe umeurithi pamoja na dadu.

Na sababu unayoiuliza ni hii. Mashine ya mahindi ilikwama, nikazima nguvu, Harlan akashuka kuchomoa mabua. Mimi nilikuwa juu ya trekta. Niliona mkono wake wa kulia umeinuka. Kwetu mkono ukiinuka maana yake tayari, washa. Nikawasha. Mkono wa kushoto ulikuwa bado ndani. Baba yako alisema ni ajali, mama yako alisema ni ajali, na Harlan hakusema chochote, na hapo ndipo nilipojua jibu lake. Sikuuliza habari zake kwa sababu sikustahili kuzipata. Hiyo ndiyo yote.

Sasa kazi. Ndani ya bahasha hii kuna zimwi la chumba cha mwisho. Nimelipima siku nane. Uhai mia moja na ishirini, zamu tatu kila mzunguko. Linataka kutoka nje tu, kwa hiyo litamshambulia yeyote aliyesimama mlangoni. Pigo lake kubwa halitoki ghafla: mzunguko mmoja kabla, linainua mkono, na kila mtu anauona. Anayetaka kukwepa anaweza kukwepa, ila atakuwa ameacha mlango wazi. Nimelicheza mara ishirini dhidi ya mashujaa wako kama ulivyonieleza, na Benigno akitupa dadu za upande wa pili bila kujua anamuua nani. Mashujaa walishinda mara kumi na mbili. Walishindwa nane. Brand alikufa katika saba.

Mpe Harlan karatasi yote aisome kabla, na hesabu hizo pia. Kisha ondoa kadibodi. Tupa dadu katikati ya meza, na namba itakayotoka ndiyo itakayosemwa, hata kama itakuumiza. Akikataa kuja, atakuwa amekataa zimwi la kweli, na hilo nalo ni heshima kwake.

Kuna kikaratasi kingine kimekunjwa, kina jina lake. Usikisome.

Orvin


Coon Valley
Jumapili, 4 Machi 1984

Mjomba wangu mpendwa,

Theluji inayeyuka na uani ni matope mpaka vifundoni. Bibi amepona yale mafua ambayo hakuwa nayo. Mama amechelewa kanisani leo asubuhi kwa sababu aliyekuwa akiongea mezani hakunyamaza, na utaona sasa hivi alikuwa nani.

Barua yako ilifika tarehe kumi na sita Februari. Nilimpelekea Harlan bandani zimwi na kile kikaratasi, ambacho sikukisoma, ingawa kilikuwa kimekunjwa vibaya. Alianza na zimwi. Aliegemeza karatasi kwenye ubavu wa ng'ombe akasoma mpaka mwisho, na kwenye ule mstari wa kuinua mkono alikaa muda mrefu. Kisha akasema, "Saba kati ya ishirini." Nikasema ndiyo. Akasema, "Hiyo ni karibu na haki." Kikaratasi alikitia mfukoni, akaniambia niende zangu.

Jumamosi mbili za kwanza hakuja. Jana alikuja. Aliketi, akatazama mahali kadibodi inapokaa, akaona meza tupu, akauliza iko wapi. Nikaitoa chini ya kiti. Aliichukua akaenda nayo jikoni, tukasikia mlango wa jiko la kuni ukifunguliwa na kufungwa. Akarudi akasema, "Haya."

Sikuwahi kuogopa vile, Mjomba. Dadu zilianguka katikati ya meza na kila mtu aliziona pamoja nami. Mzunguko wa kwanza Brand alipigwa, wa pili akapigwa tena, na kila mara nilisoma namba kwa sauti. Bibi alimfunga bendeji mara mbili. Mzunguko wa nne zimwi lilibaki na uhai thelathini na kitu, Brand alikuwa na kumi na nne, amesimama mlangoni. Likainua mkono.

"Ondoka hapo, Harlan," Pauline akasema.

"Nikiondoka linatoka."

"Likitoka tutalifukuza."

"Wewe na kuni hizo unazoita miguu?" Akatutazama mmoja mmoja. "Mkono nimeuona. Nakaa."

Nilihitaji tisa au zaidi ili zimwi limpate. Ilitoka kumi na saba, na pigo lilikuwa ishirini na mbili. Brand alikufa.

Mirka akalichoma zimwi ubavuni, na Pello akabaki na kisu kimoja cha kurusha. Lyle aliishika dadu mpaka ikapata jasho. "Bibi, niombee."

"Kwa dadu siombi."

Akatupa. Kumi na sita. Zimwi likaanguka palepale mlangoni, juu ya Brand, halikutoka.

Hakuna aliyeshangilia. Mimi nilikuwa natazama viatu vya Harlan chini ya meza, nikisubiri viondoke. Havikuondoka. Nikasikia sauti, nikadhani analia, nikainua macho. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaweka paji la uso mezani.

"Limenipata," akasema. "Bibi, nimekufa."

"Najua, mwanangu. Nilikuwa hatua kumi nyuma yako na bendeji mkononi."

"Naomba deraya yake," Lyle akasema.

"Maiti haijapoa, mwizi wewe."

"Ndiyo maana naomba sasa. Ikipoa, deraya haitoki mabegani."

Wakabishana kuhusu deraya mpaka saa ya kukamua ikapita, na Baba alikuja mlangoni na ndoo kuuliza kama tumekufa sote. Harlan akamjibu, "Ni mimi tu," na Baba alisimama pale na ndoo yake, kisha akasema ng'ombe wanaweza kusubiri kidogo.

Harlan aliongea wakati wa chakula cha jioni. Aliongea tena leo asubuhi. Analalamikia kahawa, na njia ya Baba ya kurudi nyuma na trekta. Mama amemwambia mara moja anyamaze ale, halafu akatoka nje kwenye matope bila viatu vya mvua, akarudi macho yamevimba, anatabasamu. Na mimi nimelala usiku mzima kwa mara ya kwanza tangu Desemba.

Sasa maneno ya Harlan, ambaye amekwisha kusoma kikaratasi chako na ameniagiza niyaandike kama alivyoyasema. Nilimwambia aandike mwenyewe, akasema mwandiko wangu unasomeka. Anasema: "Mwambie sikumpa ishara ya kuwasha. Wala sikumpa ishara ya kungoja. Kofia ilinishuka machoni nikaisukuma juu, basi. Ningekuwa juu ya trekta mimi, ningewasha pia. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani analijua hilo. Nilidhani ameondoka kwa kuwa hawezi kuutazama mkono wangu." Kisha akatembea mpaka dirishani, akarudi, akasema niongeze kwamba lile jitu lenye rungu lilistahili ile ishirini yake, na kwamba bado anaidai.

Kuna jambo jingine, Mjomba, na hili linahitaji jibu lako kabla hajaendelea mbele na kazi aliyoianza. Harlan hataki shujaa mpya. Anataka kuwa msimamizi, na mimi nicheze. Ameanza kutengeneza zimwi lake la kwanza, na karatasi zimejaa kwenye meza ya jikoni hata hatuna pa kuweka mkate. Anasema litakuwa tayari Jumamosi baada ya Pasaka. Lakini amekwama kwenye hesabu ya kwanza kabisa, kwa sababu zimwi hupimwa kwa idadi ya watakaokuwa mezani, nasi tulio hapa, bila kukuhesabu wewe, ni Lyle, Pauline, Bibi na mimi. Alifuta namba mara mbili mpaka karatasi ikatoboka, kisha akaniambia nikuulize wewe, na unijibu kwa ndege ya kwanza itakayoruka.

Alipime kwa watu wanne, au watano?

Mpwa wako,
Ragna